Kuenda mbio si kufika: saa ya uokoaji angani na saa ya sinema

Novemba 5, 2025, wanaanga watatu wa Uchina waliokuwa wamekaa miezi sita katika kituo cha anga cha Tiangong walitakiwa kurudi duniani. Hawakurudi. Chombo chao, Shenzhou-20, kilishukiwa kuwa kimegongwa na kipande kidogo cha takataka za angani, na baadaye ikaelezwa kwamba dirisha lake lilikuwa na ufa. Siku tisa baadaye walitua salama wakiwa ndani ya Shenzhou-21, chombo kilichowaleta wenzao wa zamu mpya. Mitandaoni habari hiyo ilipokewa kwa namna mbili. Wapo waliouliza huu ni uzembe gani, watu kukwama siku tisa na roketi zipo. Wapo pia walioishangilia kama uokoaji wa kishujaa, mbio za kushindana na saa. Wanabishana, lakini wote wametazama sinema zilezile.

Nasema hivyo kwa sababu sinema za safari za angani zimetuzoesha kuamini kwamba uokoaji huanza ajali inapotokea, na kwamba ushujaa na mwendo ndivyo vinavyoamua nani apone. Angani mambo huenda kinyume. Uokoaji huwa umeshaamuliwa miezi au miaka kabla ya ajali, kwenye ratiba na kwenye bajeti: ama kuna chombo kinachosubiri mahali panapofaa, ama hakuna. Ukiisoma habari ya Tiangong kwa jicho hilo, siku tisa za wale watatu zinapoteza uzito. Unachojiuliza ni kwamba waliobaki kule juu walibaki na nini. Walibaki na chombo chenye ufa dirishani. Kwa siku kumi na moja, mpaka Shenzhou-22 iliporushwa bila mtu Novemba 25, wanaanga wa zamu mpya hawakuwa na chombo cha kuaminika cha kurudia. Hatari haikuondolewa, ilihamishiwa kwa watu wengine watatu, na hadithi iliyosambaa ikaishia pale parachuti ilipogusa ardhi, kama sinema inavyoishia.

Kosa hili lina asili, na asili yake ni bahari. Angalia maneno tunayotumia wenyewe: chombo, nahodha, rubani, kutia nanga. Chombo kilikuwa jahazi kabla hakijawa cha angani, na rubani alikuwa akiingiza meli bandarini kabla hajapanda ndege. Watunzi wa sinema nao, kwa lugha zao, walirithi msamiati wa mabaharia, na mantiki ya baharini ikaja nao. Baharini anayesikia wito wa msaada hugeuza omo na kwenda. Usiku ule wa Aprili 1912, Arthur Rostron, nahodha wa Carpathia, alipopata habari za Titanic aligeuza meli, akaamuru mvuke wa kupashia vyumba joto uelekezwe kwenye injini, na baada ya saa tatu na nusu hivi alikuwa pale. Kwa wengi alikuwa amechelewa, lakini mantiki yake haikuwa na utata: elekea huko, ongeza mwendo, utafika.

Jaribu hivyo katika obiti, njia ya kuizunguka dunia, uone. Juni 1965, Jim McDivitt, rubani mkuu wa Gemini 4, alitaka kukisogelea kipande cha juu cha roketi iliyokuwa imemrusha muda mfupi tu uliopita. Kilikuwa pale, anakiona kwa macho yake, taa zake zikimetameta. Akaelekeza chombo chake huko na kuwasha injini ndogo, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Kipande kikazidi kwenda mbali. Akasukuma tena, kikazidi kushuka na kumwacha. Alipokwisha kutumia karibu nusu ya mafuta yake ya kujisogezea, aliambiwa aache. Sababu ni hii: kila kitu katika obiti kinaanguka kuizunguka dunia, na ukiongeza mwendo unapanda kwenye njia ya juu iliyo ndefu zaidi, kwa hiyo unachukua muda mwingi kuimaliza. Umeongeza mwendo ukabaki nyuma. Anayetaka kumkuta aliye mbele yake hupunguza mwendo kwanza, ashuke chini kidogo ambako mzunguko ni mfupi, amfikie kwa chini, kisha apande. Wahenga waliposema kuenda mbio si kufika hawakuwa wakifikiria Gemini 4, lakini sijaona maelezo ya obiti yaliyo mafupi kuliko hayo.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi, ambalo sinema karibu zote hulikwepa: obiti zina mielekeo. Gravity ya mwaka 2013 ndiyo mfano unaotajwa kila mara, na haki yake itajwe, maana ni sinema iliyotengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu na tuzo zake saba za Oscar hazikuwa za bure. Mwanaanga aliyenusurika anatoka kwenye darubini ya Hubble, anaelea hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, kisha anaenda kituo cha Uchina, kama mtu anayevuka kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hubble huizunguka dunia kwenye njia iliyoinama nyuzi 28.5 kutoka ikweta, kilomita mia moja hivi juu ya Kituo cha Kimataifa, ambacho njia yake imeinama nyuzi 51.6. Vyote viwili huenda kilomita saba na nusu na zaidi kwa sekunde, kila kimoja kikielekea kwake. Kuigeuza njia moja ilale juu ya nyingine kunataka badiliko la mwendo la kilomita tatu hivi kwa sekunde, karibu theluthi ya kazi yote ya kutoka ardhini hadi kwenye obiti. Mkoba wa mgongoni wa kujisukumia hauna uwezo huo. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilipoitazama nilizishika pande mbili za kiti kwa nguvu, na hesabu hizi zote zilikuwa zimenitoka kichwani. Hiyo ndiyo nguvu ya sinema, na ndiyo maana inafaa kuulizwa inatuachia nini.

Mbali zaidi, kalenda inakuwa katili. Nafasi nzuri ya kwenda Mirihi hujitokeza kila baada ya miezi 26 hivi, dunia na Mirihi zinapokuwa zimepangika, na safari yenyewe kwa roketi za leo ni miezi sita hadi tisa. Wito wa msaada wenyewe, ukisafiri kwa kasi ya mwanga, huchukua kati ya dakika tatu na ishirini na mbili kufika, kutegemea sayari hizo mbili ziko wapi. Ukiuliza swali Mirihi ikiwa upande wa pili wa Jua, jibu utalipata baada ya dakika arobaini na kitu. Hakuna mazungumzo hapo, kuna barua tu.

Wanaozitetea sinema wana hoja kadhaa, na hazilingani uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: ni hadithi tu, wacha watu wastarehe. Anayesema hivyo hajaangalia sinema za uokoaji zinavyojengwa. Tishio lao lote limejengwa juu ya saa. Oksijeni imebaki ya dakika kumi, wimbi la vipande vya chuma linarudi baada ya dakika tisini, nafasi ya kurushia roketi inafungwa alfajiri. Mtazamaji anaombwa aiamini saa hiyo, moyo wake ukaze kwa ajili yake. Kisha saa ileile inapindwa ili mwokoaji afike sekunde ya mwisho kutoka mahali asipoweza kutokea. Ni kama mechi ambayo mwamuzi anaongeza dakika kila timu ya shujaa inapokuwa nyuma: utashangilia bao, lakini ushindi umeshapoteza maana. Hadithi ikiweka masharti yake yenyewe, inadaiwa nayo.

Hoja ya pili ina nguvu kidogo. Inasema kwamba sinema nyingi zimewekwa karne zijazo, na injini za huko tusizipime kwa roketi za leo. Sawa, tuwape injini hiyo. Tuseme chombo kinaweza kusukuma mfululizo kwa nguvu inayolingana na uzito wetu wa kawaida duniani, kitu ambacho hakuna injini ya leo inayokikaribia. Nusu ya kwanza ya safari kinaongeza mwendo; katikati kinageuka kinyumenyume na kuanza kupunguza, la sivyo kitampita anayezama kwa kasi ya kutisha. Kwa injini hiyo ya ndoto, Mwezini ni saa tatu na nusu. Mirihi, hata ikiwa karibu kabisa nasi, ni siku mbili kasoro. Hiyo ni kasi ya kushangaza, lakini haifiki ndani ya dakika kumi za oksijeni, na ni sinema chache mno zinazokumbuka kwamba nusu ya safari chombo kinapaswa kwenda kikitanguliza mkia. Maajabu ya kiufundi hufupisha ratiba bila kuifuta. Mtunzi anayetaka kuifuta kabisa ana njia ya halali, ya kuweka uchawi wa kuruka kutoka nyota hadi nyota kwa kufumba na kufumbua, lakini basi ajue kwamba anatunga ngano, na katika ngano mtu hukwama kwa sababu nyingine kabisa.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu: hakuna atakayelipa kutazama watu wakisubiri. Ukiwapa watazamaji miezi saba ya kimya, watasinzia. Ila The Martian ya mwaka 2015 ilijaribu, ikaingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani kote. Ni sinema ya kusubiri kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtu mmoja kaachwa Mirihi, kila mtu anajua nafasi ijayo ni lini, na mvutano wote unatokana na kuhesabu: chakula kitatosha siku ngapi, roketi itakuwa tayari lini. Pale wakubwa wa duniani wanapoamua kuruka ukaguzi ili kuwahi, roketi ya chakula inaharibika ikiwa bado inapanda. Kwangu hicho ndicho kipande kinachosema kweli kuliko vyote katika sinema ile, kwa sababu kinaonyesha haraka ikidai malipo yake. Suluhisho nalo linatoka kwa mtu wa mahesabu: wenzake walio njiani kurudi waipite dunia, watumie uvutano wake kujirusha upya kuelekea Mirihi. Ina makosa yake. Dhoruba inayoanzisha kisa haiwezekani katika hewa nyepesi namna ile, ambayo shinikizo lake halifiki hata asilimia moja ya shinikizo la hewa yetu. Na mwishoni sinema inashindwa kujizuia: shujaa anatoboa glavu ya suti yake ili hewa imsukume kuelekea mikono inayomsubiri. Dakika kumi za mwisho zilirudi baharini. Lakini saa mbili zilizotangulia zilithibitisha kwamba kalenda inaweza kubeba sinema.

Upande wangu nao una watu wanaoidhoofisha hoja. Ni wale wanaokaa na daftari wakihesabu milipuko yenye sauti, nywele zisizoelea na nyota zilizokaa mahali pasipo pake. Sauti kwenye ombwe ni kama muziki unaopigwa mapenzi yanapoanza. Hakuna anayedhani kuna bendi nyuma ya mlango. Makosa hayo hayampotoshi mtu. Kosa la saa linapotosha, kwa sababu linagusa namna tunavyowahukumu watu halisi wanapokuwa hatarini.

Mfano mzito kuliko yote ni Columbia, chombo cha angani cha Marekani. Iliruka Januari 16, 2003. Sekunde 82 hivi baada ya kuruka, kipande cha povu kilichomoka kwenye tangi la nje na kugonga ukingo wa bawa la kushoto. Kesho yake wahandisi walikwisha kuiona picha ya tukio hilo. Februari 1, wakati wa kurudi, moto wa angahewa uliingia kwa tundu lililotobolewa na povu na wanaanga saba wakafa. Tume ya uchunguzi iliuliza swali ambalo kila mtazamaji wa sinema angeuliza: je, wangeweza kuokolewa? Kukimbilia Kituo cha Kimataifa hakukuwezekana kamwe; Columbia ilikuwa kwenye njia iliyoinama nyuzi 39, na mafuta yake yasingetosha hata kwa sehemu ndogo ya mgeuko ule. Lakini Atlantis, chombo kingine cha aina hiyo, ilikuwa ikiandaliwa kwa safari ya Machi 1. Tume ikapiga hesabu: mafundi wakifanya kazi usiku na mchana kwa zamu, bila kuruka vipimo vinavyohitajika, Atlantis ingeweza kuruka mapema kama Februari 10. Huko juu, kilichobana kuliko vingine ni makopo ya hidroksaidi ya lithi, yanayonyonya hewa chafu ya kaboni. Wanaanga wakipunguza shughuli na kulala sana, yangewafikisha Februari 15.

Siku tano. Kati ya Februari 10 na 15 kulikuwa na upenyo ambao mtunzi wa sinema angeuona mzuri mno kuaminika: vyombo viwili vikielea sambamba, watu saba wakivushwa kwa suti za kutokea nje. Ila ili upenyo huo uwepo, uharibifu ulipaswa kujulikana katika siku chache za mwanzo, na kila siku iliyopita bila kujua ilikuwa inakatwa kutoka kwenye zile tano. Wahandisi waliomba bawa lipigwe picha kutoka angani. Maombi hayo hayakufika popote. Ni kisa pekee ninachokifahamu ambacho mbio za kisinema zingewezekana kweli, na hakuna aliyekimbia kwa sababu hakuna aliyejua saa ilikuwa imeanza kuhesabu. Hakukuwa na king'ora wala taa nyekundu. Kulikuwa na vikao na barua pepe, na watu wenye adabu wasiotaka kuonekana wakorofi.

Mtu aliyelelewa na sinema atawatafuta mashujaa wa kisa hicho katika siku ya mwisho, ambako hawakuwa na cha kufanya. Huyohuyo, akikutana na kisa ambacho ratiba ilifanya kazi, ataona kashfa. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanaanga wa Marekani Butch Wilmore na Suni Williams, waliopanda na Starliner, chombo cha kampuni ya Boeing, Juni 5, 2024 kwa safari ya siku nane hivi, wakarudi Machi 18, 2025. Miezi tisa dunia iliwaita waliokwama, na wanasiasa wakagombea sifa ya kuwaokoa. Lakini chombo cha kuwarudisha kilifika mwishoni mwa Septemba 2024, kikiwa na watu wawili na viti viwili vitupu kwa ajili yao, kikakaa kimefungwa hapohapo kituoni miezi yote iliyofuata. Kilichosubiriwa ni zamu kumalizika na wa kuwapokea kufika. Wakati wa hatari halisi ulikuwa wiki tatu za Septemba, kati ya kuondoka kwa Starliner tupu na kufika kwa chombo hicho, ambapo dharura ingewalazimu kulala kwenye sehemu ya mizigo ya chombo kingine, wakiwa wamefungwa juu ya vipande vya sponji. Wiki hizo tatu zilipita bila kelele.

Mwaka mmoja na nusu kabla yao, chombo cha Urusi Soyuz MS-22 kilipovujisha maji yake ya kupozea Desemba 2022, suluhisho la muda lilikuwa la nyumbani kuliko mtu anavyofikiri. Mto wa kiti cha mwanaanga Frank Rubio, uliofinyangwa kufuata umbo la mwili wake, ulichomolewa kwenye Soyuz mbovu na kufungwa ndani ya Dragon, chombo cha Marekani kilichokuwa kimeegeshwa upande wa pili wa kituo. Kisha Soyuz nyingine ikarushwa tupu Februari 2023, na Rubio akaishia kukaa siku 371. Mto mmoja wa kiti ukasogezwa kutoka chumba hadi chumba: huo ndio uokoaji wa angani ulivyo, ukiupiga picha kwa karibu.

Kwa nini haya yatushughulishe sisi tunaokata tiketi tu? Kwa sababu watu wanaopanda sasa si wa mashirika ya serikali peke yao. Aprili 2025, safari ya kibinafsi ya Fram2 ilibeba watu wanne kupita juu ya ncha zote mbili za dunia, kwenye njia iliyoinama nyuzi 90, ambako hakuna kituo chochote cha anga kinachoweza kufikiwa. Walirudi salama. Wakati safari za namna hiyo zinazidi, na wengine wanajiandaa kukaa Mwezini, swali la nani anasubiri wapi na kwa gharama ya nani linapaswa kuulizwa kwa sauti kabla ya kuruka. Umma unaoamini kwamba atatokea mtu jasiri na kugeuza omo hautauliza. Utalalamika baadaye, na malalamiko yake yataelekezwa kwa waliochelewa siku tisa badala ya wale ambao hawakuweka kitu cha kusubiri.

Mei 2009, Atlantis ilipokwenda kuitengeneza Hubble kwa mara ya mwisho, haikuwa na kituo cha kukimbilia. Kwa hiyo wakati iko jukwaani ikisubiri kuruka, kwenye jukwaa la pili la kituo cha kurushia cha Kennedy ilisimama Endeavour, chombo cha aina hiyohiyo, imesimikwa tayari, na wanaanga wanne wakiwa wamefanya mazoezi ya safari ambayo wote waliomba isifanyike. Atlantis ilirudi salama. Mwisho wa mwezi, Endeavour iliondolewa pale ilipokuwa imesimama, ikahamishiwa jukwaa la jirani kuandaliwa kwa kazi nyingine.